Fondasio ya Mama aliyecheza basketi: dola 3,200 zinatosha kuanza nini?

"Mama yetu ametuacha mwezi wa tatu. Alicheza basketi hapa Lubumbashi miaka ya 1980 na 1990, kisha akawafundisha wasichana wa mtaa wa Katuba bila kulipwa, mpaka magoti yakamkatalia. Tuko watoto watano: wawili hapa, mmoja Kolwezi, wawili Ubelgiji. Mimi ndiye kitinda mimba. Baada ya matanga zimebaki dola 3,200. Tunataka kufungua fondasio kwa jina lake, yenye akademi ya wasichana na kombe la kila mwaka. Kaka mkubwa anasema tusiguse chochote kabla ya karatasi kutoka Kinshasa. Dada wa Ubelgiji anataka nyumba ya Mama iwe makao. Usiku silali, nahesabu jezi na mipira. Tuanzie wapi? Na jezi yake ya zamani, namba 11, tuifanyeje?"

Pole sana, dada, wewe na ndugu zako wote. Umeuliza karatasi, nyumba, kombe na jezi kwa pumzi moja, lakini chini yake nasikia swali jingine: mfanye nini ili jina la Mama lisiishie kwenye kitambaa kilichotundikwa uwanjani siku moja tu? Nitaanza na makuta, yaani pesa, maana ndiyo yatakayoamua mengine.

Fondasio nyingi za familia hazifi kwa kukosa moyo, hufa kwa hesabu. Watu wanapiga hesabu ya siku: siku ya uzinduzi, siku ya fainali, siku ya picha. Mtoto hahesabiwi hivyo. Shule ya msingi ya serikali haina malipo tangu Septemba 2019, kwa hiyo mzigo mzito unaanza pale msichana anapoingia mwaka wa 7. Kuna mwaka wa 7 na wa 8, halafu miaka minne ya humanite, yaani sekondari ya juu, mpaka Examen d'État, mtihani wa taifa wa mwisho. Jumla ni sita, kama hakurudia darasa. Ukimshika mkono msichana wa miaka kumi na miwili leo, umejifunga miaka sita.

Chukua kalamu tuhesabu. Bei nitakazotaja ni za mfano, weka za shule na za njia yenu. Minervali, yaani karo ya shule, na madaftari, tuseme dola 240 kwa mwaka. Bisi dola 1 kwenda na kurudi, mazoezi mara tatu kwa juma, majuma 40, inafika 120. Viatu pea mbili za dola 40, maana mguu wa umri huo unakua na sementi inakula soli, hizo ni 80. Pedi dola 2 kwa mwezi, 24. Daktari na dawa, 36. Umepata 500 kwa mwaka, 3,000 kwa miaka sita. Kwa maneno mengine, pesa yote iliyobaki matangani ni msichana mmoja, toka mwaka wa 7 mpaka diploma, na chenji ya kumlipa notari.

Usifunge daftari bado. Mko watano. Kila mmoja akitoa dola 25 kwa mwezi, kwa mwaka mnafikisha 1,500, na hao ni wasichana watatu. Sasa zile 3,200 zinapata kazi nyingine: 1,500 mnazifunga kama akiba ya mwaka mzima, 1,700 ndizo za kuanzia. Wekeni kanuni moja ngumu: msichana wa nne haingii mpaka akiba iwe inatosha kuwalipia wote wanne mwaka unaofuata, hata kama hakuna ndugu atakayetuma kitu. Ahadi za ndugu huwa motomoto mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu mmoja amepoteza kazi, mwingine anajenga, na mkurugenzi wa shule anataka malipo yake ya robo mwaka vilevile.

Kuna watakaowaambia muweke pesa benki mle faida tu. Hata benki ingewapa 4 kwa mia, 3,200 zingezaa 128 kwa mwaka, yaani viatu na pedi za msichana mmoja na chenji kidogo. Mfuko wa kuishi kwa faida unataka mtaji ambao hamna, na hakuna aibu kutokuwa nao.

Walio Ubelgiji watume dola 75 kila miezi mitatu badala ya 25 kila mwezi, gharama ya kutuma itapungua. Pesa iingie kwenye akaunti inayohitaji saini mbili, si kwenye M-Pesa ya mtu mmoja. Namba ya simu ni ya mwenyewe: akiipoteza, akiugua, au siku hiyohiyo akinunua unga kwa laini ileile, hakuna atakayejua ipi ilikuwa ya fondasio. Ugomvi wa ndugu huanzia kwenye unga huo, hata kama hakuna aliyeiba. Na dada wa Ubelgiji asitegemee punguzo la kodi. Ubelgiji hutoa punguzo kwa zawadi ya kuanzia euro 40 kwa mwaka, ila kwa taasisi iliyokubaliwa kwao, na ASBL (shirika lisilotafuta faida) changa ya Lubumbashi haimo.

Nina hakika mtu ameshawatajia Mutombo. Ni kweli, Dikembe Mutombo, Mkongo aliyecheza basketi ya NBA Marekani, aliipa hospitali ya Kinshasa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Lakini tazama miaka: mfuko wake ulianza 1997, hospitali ikafunguliwa 2007. Miaka kumi, kwa mtu aliyekuwa na mshahara wa NBA na wafadhili nyuma yake. Subira yake mnaweza kuiiga kesho asubuhi. Majengo, yaacheni kwanza.

Kaka mkubwa ana haki nusu kuhusu karatasi. Sheria inayohusika ni namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, ya mashirika yasiyotafuta faida. Inataka wanachama kamili wasiopungua saba. Ninyi ni watano, na kwa maoni yangu hilo ni bahati: tafuteni wanawake wawili waliocheza na Mama. Watajua mambo ya uwanjani ambayo watoto hamyajui, na siku ndugu wakigawanyika watatu kwa wawili, kutakuwa na mtu asiye wa tumbo moja wa kusema neno.

Faili lenyewe linahitaji statuti, yaani katiba ya shirika, zilizopita kwa notari, orodha ya wanachama kamili na anwani zao, tamko lililosainiwa linaloonyesha mapato mnayotarajia, na cheti cha mwenendo mwema cha kila mmoja atakayekuwa kwenye uongozi. Barua inaandikwa kwa Waziri wa Sheria. Waziri anayehusika na kazi yenu, hapa wa michezo, anatoa maoni yake, na maoni mazuri yake yanahesabika kama ruhusa ya muda ya kufanya kazi. Waziri wa Sheria naye anaweza kutoa ruhusa ya muda ya miezi sita. Anzieni kwenye Divisheni ya Sheria ya jimbo hapahapa Lubumbashi, muulize kwa kinywa chenu malipo rasmi na mdai risiti. Msimpe faili mtu anayesema ana shemeji Kinshasa.

Nusu ambayo kaka amekosea ni hii: kumlipia mtoto minervali hakuhitaji karatasi ya waziri. Ni ndugu watano wanaolipa shule, basi. Karatasi zinahitajika mkitaka akaunti kwa jina la shirika, mkitaka kuomba michango kwa watu wa nje, au kusaini mkataba na wafadhili. Kwa hiyo mwaka wa kwanza lipeni moja kwa moja shuleni, risiti iwe na jina la mtoto, huku faili likitembea. Pia msihangaike na neno "fondasio". Kisheria kuna taasisi ya manufaa ya umma, ambayo mtu hutenga mali yake kwa hati ya notari au kwa wosia ili ifanye kazi fulani. Ninyi hamna mali ya kutenga, mna wanachama na michango, na hiyo ni ASBL. Jina linaweza kubeba neno fondasio, mradi herufi ASBL ziwe kando yake.

Nyumba iacheni. Najua dada wa Ubelgiji anasema kwa upendo, lakini si yake kuitoa, wala si yako. Kwa Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, watoto ni warithi wa daraja la kwanza: wanapata robo tatu ya urithi, sehemu sawa. Robo inayobaki inahusu mume aliyebaki, wazazi wa Mama na ndugu zake. Na kama Baba yupo, na ndoa yao ilikuwa ya mali ya pamoja, sehemu ya nyumba ni yake hata kabla ya kugawa. Mjomba anayekaa kimya leo kwa sababu ya kilio, watoto wake watasema miaka kumi ijayo, na watasema mahakamani. Tena nyumba haitoi makuta, inayala: bati, mlinzi, umeme wa SNEL, maji ya REGIDESO. Kwa anwani ya shirika kinatosha chumba kimoja, kwa karatasi ya ruhusa iliyosainiwa na warithi wote. Wakiendelea kutaka nyumba, hapo msiamue kwenye simu. Kaeni mbele ya avoka, yaani wakili, na certificat d'enregistrement, hati ya umiliki wa nyumba, mezani.

Akademi ni neno tamu lenye gharama chungu: uwanja, kocha, leseni za wachezaji, bima, mtu wa kufungua stoo. Lubumbashi ina vilabu vyenye wasichana na makocha tayari. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja na kimoja kati yao: nani anafundisha, siku gani, saa ngapi, ninyi mnalipa nini na hamlipi nini. Wanawake wa nchi hii hawakukosa kipaji. Timu ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, ilichukua ubingwa wa Afrika wa basketi 1994 na kucheza Olimpiki ya Atlanta 1996. Kwenye mpira wa miguu, wasichana wa TP Mazembe wameleta kombe la mabingwa wa Afrika hapa mjini 2024. Tatizo liko kati ya miaka 12 na 16, pale wasichana wanapotoweka uwanjani mmoja mmoja.

Wanatoweka kwa sababu ndogo ambazo hakuna anayezipigia picha. Jua letu linazama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Mazoezi yakianza saa kumi, msichana wa mtaa wa Ruashi anafika kwao gizani, na mama yake anamkataza, kwa haki. Yakianza saa tisa na kwisha saa kumi na nusu, akiwa na nauli mkononi na wenzake wawili wa njia moja, anaruhusiwa. Siku za hedhi bila pedi anakosa mazoezi juma zima, kocha anamtoa kwenye kikosi, anaona haya kusema sababu, harudi tena. Hapo hakuna mpira mpya utakaomrudisha.

Mkinunua mipira, nunueni sahihi. Wasichana wanacheza namba 6, na walio chini ya miaka 12 namba 5. Namba 7 ni ya wanaume, na ukimpa msichana wa miaka 13 atajifunza kurusha kwa bega zima badala ya mkono, na tabia hiyo haitoki. Kwa sementi chukueni mpira wa raba. Ule wa ngozi laini wa ukumbini unachunika upesi ukidundishwa nje. Wakati wa kununua, uinue mpaka chini yake ilingane na kichwa, uuachie bila kuusukuma: ukirudi kati ya kiuno na kifua, upepo unafaa. Kiatu kijaribiwe jioni, mtoto amesimama, amevaa soksi ya mchezo, kidole gumba chako kiingie mbele ya kidole chake kirefu. Kikunje: kipinde penye vidole. Kikipinda katikati ya mguu, kirudishe. Vya mitumba bonyeza soli ya ndani kwa dole. Ikiwa ngumu kama ubao, povu limekufa, na mtoto ataruka juu ya ubao.

Umeandika kwamba magoti yalimkatalia Mama. Hapo pana zawadi ambayo ingemgusa yeye mwenyewe. Katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, wasichana wanakatika kano ya katikati ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana. Sababu mojawapo ni namna ya kutua: miguu ikiwa imenyooka na magoti yakiangukia ndani, yakikaribia kugusana. Hilo linafundishika. Dakika 15 mwanzoni mwa mazoezi, mara mbili au tatu kwa juma, mwaka mzima: kuruka na kutua kwa miguu miwili bila kishindo, magoti yamekunjwa, yameelekea vidole, kuruka kwa mguu mmoja na kubaki umesimama hesabu tatu, kuchuchumaa, kupunguza mbio polepole kabla ya kugeuka. Kocha asimame mbele ya msichana, si kando, maana ukiwa kando goti linaloingia ndani hulioni. Haidai kifaa chochote. Na msichana aliyesikia goti likilia "pa!" kisha likavimba ndani ya saa chache, asivutwe wala kukandwa na mtu. Barafu, asilikanyagie, aende hospitali.

Sasa kombe. Sikatai, nakataa tu lije la kwanza. Kombe linadai waamuzi, maji, kisanduku cha huduma ya kwanza, vyombo vya sauti, chakula cha wageni, na fulana, na fulana ndizo zinazokula zaidi ya kikombe chenyewe. Mwaka wa kwanza fanyeni alasiri moja mwishoni mwa kiangazi, kabla ya shule kufunguliwa Septemba, mvua ikiwa haijaanza. Michezo michache, wanawake waliocheza na Mama wawaonyeshe wasichana jambo moja kila mmoja, na ukurasa mmoja wa maisha yake usomwe kwa sauti. Huo ukurasa uandike sasa, wakati wenzake wako hai: alianza na timu gani, alicheza nafasi gani, alipigaje pasi. Msichana wa 2032 hatakuwa amemwona, atahitaji zaidi ya jina kifuani.

Kuna sehemu moja nitakuwa mkali. Kocha asichague peke yake nani anapata msaada, na makuta yasipite mkononi mwake kwenda kwa msichana. Mwanaume anayeshika nafasi ya kucheza, nauli na minervali ya mtoto kwa mkono mmoja ana nguvu ambayo hapaswi kupewa yeyote, hata akiwa mtakatifu. Wanaochagua wawe watatu: mwanamke mmoja aliyecheza na Mama, mwalimu wa shule, na mmoja wenu. Mzazi asaini. Safarini awepo mwanamke mzima, msichana asibaki peke yake na kocha garini wala chumbani, ujumbe wa simu upite kwenye kundi lenye mzazi ndani. Ikitokea shutuma, si jambo la kumaliza kifamilia kwa mbuzi na samahani. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamhusu kila aliye chini ya miaka 18. Mtoto apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, kisha polisi au parke, ofisi ya mwendesha mashtaka.

Umri nao utakuletea kazi. Ukitangaza "chini ya miaka 14", miaka itapunguzwa. Ombeni cheti cha kuzaliwa pamoja na buletini (ripoti za maksi) za shule za miaka mitatu, mlinganishe. Mtoto ambaye hakuandikishwa kwenye ofisi ya komini anaweza kupata hukumu ya mahakama inayoshika nafasi ya cheti. Kumsaidia kuipata ni msaada mkubwa wenyewe.

Andikeni pia, kabla ya msichana wa kwanza kuingia, kitu gani kinakatisha msaada. Ushauri wangu ni kuacha shule bila sababu, na kudanganya kuhusu risiti. Kuumia kusikatishe. Kuachwa kwenye kikosi kusikatishe. Mimba isikatishe: arudi shuleni, mlipe. Msichana anayejua kwamba goti likikatika minervali inakatika atacheza na goti lililovimba na kunyamaza.

Umesema usiku hulali. Miezi michache baada ya msiba, kazi nyingi huwa njia ya kutokaa na kilio, na inasaidia kwa muda. Lakini kama juma baada ya juma usingizi hauji, chakula hakipiti, au unawaza kwamba afadhali umfuate Mama, usingojee fondasio ikuponye. Nenda leo kwa daktari au kituo cha afya kilicho karibu, na mwambie hivyohivyo ndugu yako mmoja unayemwamini. Na hakuna haja ya kuzindua chochote kabla ya siku ya kumaliza maombolezo. Septemba ijayo mnaweza kumlipia msichana mmoja kimyakimya, mjifunze njia ya risiti, kisha mtangaze baadaye.

Jezi usiigandishe kwa gundi kwenye ubao, gundi inakauka njano na kula kitambaa. Ioshe kwa mkono, maji baridi, sabuni kidogo, usiikamue. Ianike kivulini. Maandishi ya zamani yanapasuka yakikunjwa, kwa hiyo izungushie kwenye bomba la karatasi nene, upande wa namba uwe nje, ukiweka kitambaa cheupe cha pamba katikati. Ukitaka fremu, ishonwe mabegani kwa uzi mwembamba juu ya pamba, kioo kisiguse namba, na ukuta usipigwe na jua. Siku zile sheria za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, ziliruhusu namba 4 mpaka 15 tu, kwa hiyo 11 ilipita migongoni mwa wengi kabla ya Mama na baada yake. Ile ya zamani ibaki nyumbani. Namba yenyewe iacheni ikimbie: kila Septemba, wasichana wenyewe wapige kura nani aivae mwaka huo.